Muulize Fundi: plagi za IST tunaweza kubadili wenyewe hapa uani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nakaa Kimara Suka, naendesha Toyota IST ya 2005, injini ni ile 1NZ. Ina kama mwezi sasa nikiwasha asubuhi inatetemeka mpaka usukani unacheza, ikishapata moto inatulia kidogo ila nikisimama kwenye foleni pale Ubungo na AC nimewasha inaanza tena kama inataka kuzima. Mafuta nayo inakunywa, hela ileile iliyokuwa inanifikisha Ijumaa siku hizi Jumatano taa imeshawaka. Nimempelekea fundi wa mtaani, kafungua boneti kasikiliza dakika mbili kasema plagi zote zimekufa na koili zote nne zimekufa, niandae laki tatu na nusu. Sina hiyo hela na roho inasita. Mdogo wangu ana boksi la spana, anasema hata sisi tunaweza hapahapa uani. Mume wangu anasema tusiguse, tutaua injini. Yupi anasema kweli?

JIBU: Marahaba dada yangu. Mdogo wako anasema kweli na mume wako naye asipuuzwe, kwa sababu kazi ya plagi kwenye IST ni nyepesi kuliko kubadili tairi lakini ina sehemu moja tu ambayo ukikosea unaingia kwenye gharama za kufungua silinda hedi, kile kichwa cha injini plagi zinapofungwa, na hiyo sehemu nitaifikia taratibu maana ndo sababu ya mimi kukujibu kwa urefu hivi.

Ila tuanze na huyo fundi wako. Koili, yaani kile kifaa kinachopeleka umeme wa cheche kwenye plagi, nne kufa kwa mpigo bila hata gari kupimwa, hapana. Koili huwa inakufa moja, inakaa, halafu miezi inapita inafuata nyingine. Akikwambia zote nne kwa kusikiliza tu mwambie asante, funga boneti, ondoka. Plagi ndiyo, hizo zinachoka zote pamoja kwa sababu zimefungwa siku moja na zinafanya kazi sawa. Na ukweli ni kwamba plagi zilizochoka ndo zinaua koili. Ile cheche inaruka kwenye kinafasi kidogo pale kwenye ncha, kwa gari lako ni milimita 1.1, sasa kila cheche inakula kidogo cha chuma, nafasi inapanuka, koili inalazimika kusukuma umeme mkubwa zaidi ili cheche iruke, na hapo tunaongelea maelfu ya volti, siku moja umeme unaona njia nyepesi ni kupitia pembeni kwenye ule mpira wa koili badala ya kwenda kwenye ncha, basi silinda hiyo inamisi, yaani mafuta hayaungui inavyotakiwa. Kwa hiyo mtu anayepuuzia plagi mwisho ananunua na koili.

Halafu usiendelee kuiendesha miezi inavyomisi hivyo. Petroli ambayo haijaungua inatoka inaenda kwenye ekzosi, inaungulia huko kwenye masega, kile kichujio cha moshi ndani ya ekzosi, na masega yanayeyuka, na unajua mwenyewe bei ya masega. Ukiona taa ya cheki injini inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, siyo ile iliyotulia, punguza mwendo na uitafutie sehemu uipumzishe, hiyo ndo dalili kwamba kuna silinda inamisi vibaya.

Sasa kununua. Usiende dukani ukasema nataka plagi za IST, utapewa chochote kilichopo. Chomoa moja kwanza kwa utaratibu nitakaokupa hapo chini, ziba tundu kwa kitambaa kisafi, gari ibaki imepaki, panda mwendokasi hapo Kimara ushuke Gerezani, maduka ya spea yote yako humo. Onyesha ile ya zamani, na usome namba iliyoandikwa kwenye ile kauri nyeupe. Kwa 1NZ za kawaida utakuta K16R-U11 kama ni Denso au BKR5EYA-11 kama ni NGK, na ile 11 ya mwishoni maana yake ndo hiyo 1.1 niliyokutajia juu. Usikubali kubadilishiwa namba ya katikati, ile 16 au ile 5, hiyo inahusu joto la plagi, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, na kampuni hizi mbili hazihesabu kwa mtindo mmoja kwa hiyo usije ukashangaa mbona hii 16 na hii 5. Muuzaji akisema "hii ya 6 inaingia tu dada", ni kweli inaingia, shida haiko kwenye kuingia.

Plagi za iridiamu, zile zenye ncha ya chuma kigumu, au za kawaida? Za kawaida ni bei ndogo na kwa matumizi yetu ya foleni mi huwa natoa zikifika kilomita elfu 30 hivi, iridiamu zinaweza kwenda mpaka laki moja. Kama gari unakaa nayo nunua iridiamu. Lakini iridiamu feki ni mbaya kuliko ya kawaida orijino, hilo nakwambia kwa uchungu kwa sababu feki zimejaa na boksi linafanana kabisa. Usiangalie boksi, angalia plagi yenyewe. Ncha ya katikati iwe katikati kweli, isiwe imekaa upande. Ya iridiamu orijino ncha ni nyembamba sana kama ya kalamu, feki nyingi ni nene nene au ukiangalia vizuri unaona kimekuwa kama kipande cha chuma cha kawaida kimechongwa. Nyuzi zake, ile sehemu ya kukazia, ziwe laini zinang'aa sawasawa kuanzia juu mpaka chini, pitisha kucha, ikikwaruza rudisha. Maandishi kwenye kauri yasifutike kwa kidole chenye mate. Na zipange nne zote mezani kwa muuzaji, zikipishana hata kidogo nafasi ya ncha au rangi ya chuma usilipe. Atanuna, anune.

Vifaa: soketi ya plagi namba 16, ile ndefu yenye mpira au sumaku ndani, ekstensheni ndefu, racheti, na spana au soketi ya 10. Boksi nyingi za spana zinakuja na soketi ya plagi ya 21, hiyo ni ya magari ya zamani, mdogo wako ahakikishe kabla hamjaanza maana nimeona watu wanafungua kila kitu ndo wanagundua.

Fanyeni asubuhi kabla gari haijawashwa kabisa. Siyo dakika 20 baada ya kuzima, nasema imelala usiku mzima. Hedi ya hiyo injini ni aluminiamu, plagi ni chuma, ikiwa ya moto vimeshikana na ukilazimisha unatoka na nyuzi za hedi. Toeni funguo kwenye swichi.

Kava la plastiki juu ya injini linatoka, mengine yana nati za 10 mengine ni ya kuvuta tu kwenda juu. Chini yake utaziona koili nne zimejipanga kwenye mstari, kila moja na soketi yake ya umeme na bolti moja ya 10. Ile soketi ya umeme ina kikufuli cha kubonyeza, bonyeza kwanza ndo uvute, na ushike plastiki usivute nyaya. Gari ya 2005 hizo plastiki zimepikwa na joto miaka mingi, zinakatika kama biskuti, kwa hiyo uwe na subira, ikigoma isukume kwanza ndani kidogo halafu bonyeza. Toa bolti, izungushe koili kidogo kushoto kulia, ivute juu. Zipange mezani kwa mpangilio uleule, namba 1 ni ile iliyo upande wa mikanda.

Hapo usikimbilie kufungua plagi. Chungulia ndani ya tundu na tochi ya simu. Vumbi letu hili la Dar ukichanganya na mchanga wa barabara za vumbi za huko Suka, utakuta kuna udongo umekaa kule chini unazunguka plagi, ukifungua plagi wote unadondoka ndani ya silinda. Puliza kwanza. Kama kuna mtu wa pancha karibu mwombe mpira wa kompresa, pampu ya baiskeli nayo inafaa. Na ukikuta mule ndani kuna oili imejaa, siyo plagi, ni sili za matundu ya plagi chini ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya hedi, zimekauka, oili inachuruzika inaingia, ndo inayolainisha mpira wa koili mpaka unaharibika. Futa, badili plagi, lakini panga hela ya hizo sili na gasketi ya tapeti kava maana bila hivyo koili mpya nayo itaenda.

Kufungua ni kinyume cha saa, taratibu. Mwanzoni itagoma halafu italegea na kasauti ka "tak". Ikilegea halafu katikati ikaanza kuwa ngumu tena usilazimishe, irudishe ndani kidogo, itoe tena kidogo, nenda rudi, nenda rudi, mpaka itoke yenyewe.

Sasa plagi za zamani zisitupwe. Zilaze kwenye gazeti 1, 2, 3, 4 uziangalie, hiyo ni ripoti ya injini yako na hamna mashine itakayokusomea wazi kuliko hapo. Ncha ikiwa na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, hiyo silinda ni nzima, plagi imechoka tu kwa umri. Ikiwa nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, mafuta yanaingia mengi kuliko hewa, anza kwa kuangalia ea klina, lile chujio la hewa, kama haijaziba. Nyeusi imelowa oili kwenye ncha, hapo ni ringi za pistoni au sili za vali, na plagi mpya itakupa nafuu ya wiki chache tu. Nyeupe kama chokaa, inachemka sana au inakosa mafuta, muone fundi kabla hujasafiri nayo. Na ukikuta tatu ni za chai ya maziwa halafu moja tu ni nyeusi imelowa petroli, umeshampata mwenye makosa, koili ya silinda hiyo ndo ya kushuku kwanza. Moja, siyo nne.

Kuna mafundi wanachukua plagi ya zamani wanaipiga msasa wanairudisha. Kwa plagi ya kawaida kwenye dharura njiani nawaelewa. Kwa iridiamu usikubali kabisa, ile ncha ni nyembamba mno, msasa unaimaliza na brashi ya waya inaiacha na vijichuma vinavyopitisha umeme pembeni.

Sasa tumefika sehemu ya mume wako. Kurudisha plagi mpya. Nikiwa kijana najifunza kazi kwenye gereji moja upande wa Ilala, nilipewa gari ya mteja nibadili plagi, nikaweka plagi kwenye soketi, nikaishusha, nikashika racheti nikaanza kukaza moja kwa moja. Niliona ngumu kidogo nikadhani ni upya wake. Ilikuwa imeingia upande. Nilikuja kusikia imelegea ghafla, mkono ukakosa kitu cha kushika, na nilipoitoa nyuzi za aluminiamu zilikuwa zimejiviringa kwenye plagi kama nywele. Hedi ikafunguliwa, ikapelekwa kuchongwa na kuwekwa helikoili, yaani nyuzi mpya za chuma, yule mzee mwenye gari alikaa siku nne bila usafiri na sikuweza kumtazama usoni. Mpaka leo sishiki racheti kwenye plagi kabla vidole havijaridhika.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Plagi ndani ya soketi, soketi kwenye ekstensheni, racheti iacheni mezani kabisa. Ishushe, na kwa vidole viwili zungusha kwanza KINYUME, kama unafungua, utasikia kidogo inadondoka "tik", hapo uzi umekaa mdomoni mwa uzi. Ndo uanze kukaza kwa vidole. Inatakiwa izunguke laini mizunguko mingi mpaka ifike chini yenyewe, ikigoma mzunguko wa kwanza au wa pili, toa, anza upya. Kama huna ekstensheni ndefu kata kipande cha mpira wa petroli, chomeka kwenye kichwa cha plagi, zungusha kwa huo mpira, ikiingia upande mpira wenyewe utateleza hautakuwa na nguvu ya kuharibu kitu.

Ikishakaa chini kwa vidole ndo unachukua racheti, na kwa plagi mpya yenye waisha unakaza nusu mzunguko mpaka theluthi mbili ya mzunguko, basi, ile waisha inajibonyeza inaziba. Kama mna tok-renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, wekeni 18 Nm. Mdogo wako asionyeshe nguvu hapo. Usipake grisi wala oili kwenye nyuzi, plagi za sasa zimepakwa tayari na ukipaka unajikuta umekaza kuliko unavyodhani.

Koili zirudi kila moja mahali pake, isukume mpaka uhisi imebana kwenye kichwa cha plagi, bolti kaza ya kawaida tu, soketi ya umeme ilie "klik". Washa. Sekunde za kwanza inaweza kukohoa, halafu itulie.

Isipotulia, chukua koili ya ile silinda uliyoishuku, mfano ya 2, ibadilishane na ya 3, kisha nenda kwa mtu mwenye mashine ya kupima. Kosa la silinda ya 2 linaandikwa P0302, sasa likihamia P0303 basi koili ndo mbovu na umenunua koili moja. Likibaki P0302 koili nzima, tatizo liko kwenye nozeli inayopuliza petroli au ndani zaidi. Hicho kipimo huyo fundi wako angekifanya kwa robo saa. Mwambie mume wako asimame pembeni na tochi, kuna kazi ya mtu wa tatu hapo.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi niko Kigamboni, nina Honda Fit ya zamani ya 1.3. Nimenunua plagi nne nimempelekea fundi ananiambia nirudi nikanunue nne zingine, eti gari inatumia nane. Silinda ziko nne, mbona kama ananipiga?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hakupigi, mshike huyo fundi vizuri. Angalia kwenye kava la injini kama imeandikwa i-DSI, hiyo injini kila silinda ina plagi mbili, moja mbele moja nyuma, na koili nane. Honda walifanya hivyo ili mafuta yaungue haraka na vizuri kutokea pande mbili. Ile Fit ya 1.5 ya VTEC ndo ina nne.

Wengi wanaopigwa kwenye Fit wanapigwa kwa namna nyingine kabisa, wanalipia nane zinabadilishwa nne za mbele, kwa sababu za mbele unazifikia umesimama na za nyuma zimejificha kule kwenye ukuta wa injini, wengine mpaka wafungue yale maplastiki ya chini ya waipa. Gari inatoka gereji, mbele mpya, nyuma ni zilezile zilizotoka nayo Japani. Kwa hiyo dai upewe plagi nane za zamani mkononi. Kwa hii gari sikushauri ujifunzie nyumbani, anza na gari ya mtu mwingine mwenye Vitz.

SWALI: Fundi mambo. Jumamosi nimeosha Vitz yangu pale Mbagala wakanipulizia mpaka injini kwa ile mashine ya presha, nimetoka hapo gari inamisi mpaka leo. Kuna mtu ananiambia plagi zimeungua kwa maji. Plagi inaungua kwa maji kweli?

JIBU: Poa mdogo wangu. Plagi haijaungua, imezamishwa. Maji ya presha yamepita kwenye mpira wa koili yakatuama kwenye matundu, sasa umeme unapita kwenye maji badala ya kuruka kwenye ncha. Usiendelee kuiwasha kila siku ukitegemea itakauka, maji yaliyoko kule chini hayana pa kutokea na yanaanza kushika kutu kwenye plagi.

Toa koili zote kama nilivyomweleza dada wa Kimara hapo juu, puliza matundu kwa kompresa huku umevaa miwani maana maji machafu yanaruka machoni, fyonza yaliyobaki kwa kitambaa kwenye bisibisi, anika koili juani saa moja au mbili. Plagi usizifungue kabla tundu halijakauka kabisa, la sivyo maji yanaingia kwenye silinda. Kausha, rudisha, washa. Nyingi zinapona hapohapo. Ikibaki moja inamisi chunguza ule mpira wa koili, ukiona kimstari cheupe au kijivu kimeshuka kwa urefu kama ufa wa yai, umeme umeshajichorea njia hapo, hiyo koili ndo ya kubadili. Na Jumamosi ijayo waambie waoshe bodi, injini wafute kwa kitambaa.